Majina ya Ukoo Katika Masomo ya Mwanzo ya Kiingereza

Miongoni mwa masomo yanayopatikana katika vitabu vya Kiingereza vya kuanzia, hapana lililokita mizizi kama somo la jamaa. Baada ya salamu na kuhesabu hadi kumi, mwanafunzi hufunguliwa ukurasa wenye picha: mwanamume mmoja, mwanamke mmoja, mtoto wa kiume na mtoto wa kike, na aghalabu mbwa au paka kando yao. Chini ya kila mmoja pameandikwa jina lake. Ukurasa unaofuata una mti, na katika matawi yake wamepangwa babu na bibi, pamoja na wale ambao Kiingereza huwaita "uncle", "aunt" na "cousin". Mwalimu husoma, darasa huitikia, kisha huja zoezi la kujaza nafasi zilizoachwa wazi. Somo hilo huhesabiwa kuwa jepesi, kwa kuwa kila mtoto ana jamaa, na kila mtoto anawajua jamaa zake.

Madhumuni ya makala haya ni kulihakiki somo hilo. Twaandika tukiwa walimu wa lugha nchini Rwanda, ambako uamuzi wa mwaka 2008 ulikifanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia, na ambako mwaka 2017 Kiswahili kiliongezwa miongoni mwa lugha rasmi. Mtoto wetu hutoka nyumbani na majina ya ukoo ya Kinyarwanda, hupewa ya Kiingereza darasani, kisha hufikishiwa ya Kiswahili. Dai letu ni hili: kasoro ya somo la jamaa haimo katika wingi au uchache wa maneno yake. Imo katika kuyafundisha kana kwamba kila jina la ukoo lina pacha wake katika lugha nyingine. Mapacha hao ni wachache mno. Na pale kitabu kinapowabuni, mtoto hufundishwa kuwachanganya watu ambao kwao hawachanganyiki.

Tuanze na neno "uncle", kwa kuwa ndilo lenye matata mengi. Kamusi hutuambia kuwa ni mjomba. Lakini mjomba wa Mswahili ni ndugu wa kiume wa mama, wala si mwingine. Ndugu wa kiume wa baba ni baba mkubwa au baba mdogo, kulingana na umri wake kwa baba mzazi. Na huko pwani huitwa pia ami au amu. Kinyarwanda nacho hugawa vivyo hivyo: ndugu wa mama ni marume, na ndugu wa baba ni data wacu, yaani "baba yetu". Ukimtazama shangazi, mambo ni yaleyale. Yeye ni dada wa baba, ambaye Mnyarwanda humwita masenge. Dada wa mama hayumo humo. Yeye ni mama mkubwa au mama mdogo, na kwa Kinyarwanda ni mama wacu. Neno "aunt" huwafunga wote wawili katika mtumba mmoja.

Tofauti hizi si mapambo ya lugha. Kila jina hubeba wajibu wake. Anayeitwa baba mdogo anatazamiwa kufanya kazi ya baba endapo baba mzazi hayupo. Naye mjomba ana nafasi nyingine, ya mtu wa upande wa mama, mwenye haki zake na mizaha yake. Shangazi ndiye mshauri wa binti anayekaribia kuolewa. Jambo hilo linajulikana hapa Rwanda, na linajulikana kwa jirani zetu wa Buganda, ambako "ssenga" ni jina la jamaa na la kazi kwa wakati mmoja. Mwambie binti kwamba masenge na mama wacu wote ni "aunt" tu, naye atauliza, kama si kwa mdomo basi kwa moyo: yupi kati yao ataitwa siku ya shughuli?

Sasa tulitazame zoezi lenyewe. Sentensi imeandikwa, mwisho wake umeachwa wazi: ndugu wa kiume wa baba yangu ni nani wangu? Mtoto anayeandika "father" huwekewa alama ya kosa. Anayeandika "small father" huwekewa alama ya kosa na kuchekwa juu yake. Kwa upande wa Kiingereza, mwalimu ana haki ya kusahihisha, kwani Mwingereza hasemi hivyo. Lakini ni lazima atambue anachokisahihisha. Mtoto huyo hakukosa kuufahamu ukoo wake. Ameufahamu barabara, tena kuliko mti uliochorwa kitabuni. Alichokosa ni desturi ya Kiingereza. Kalamu nyekundu isiyotenganisha mambo hayo mawili humfundisha mtoto kwamba baba yake mdogo si baba, na hilo silo somo ambalo mzazi alimpeleka shule kulipata.

Yafaa pia tujue kwamba Kiingereza chenyewe hakikuwa hivi tangu mwanzo. Kiingereza cha kale kilikuwa na neno moja la ndugu wa mama, "eam", na neno jingine la ndugu wa baba, "fædera". Halikadhalika, dada wa mama na dada wa baba walikuwa na majina mbalimbali. Baada ya Wanormandi kuitwaa Uingereza mwaka 1066, maneno ya Kifaransa yaliingia kwa wingi, na yale ya kale yakafifia. Nalo neno "uncle", lililopitia Kifaransa, linatokana na Kilatini "avunculus", ambalo maana yake ilikuwa ndugu wa mama peke yake. Ndugu wa baba aliitwa "patruus". Neno "aunt" linatokana na "amita", yaani dada wa baba. Kwa maneno mengine, Mrumi wa kale angekubaliana na Mswahili na Mnyarwanda: wa kwanza ni mjomba, wa pili ni shangazi. Ni karne zilizofuata ndizo zilizozipanua maana hizo hata zikawameza jamaa wa pande zote mbili. Basi mwalimu asidhani kwamba majina ya Kiingereza ndiyo ya asili kwa binadamu wote, na ya kwetu ni nyongeza za watu wenye jamaa wengi. Mmarekani Lewis Henry Morgan, katika kitabu chake cha mwaka 1871 kuhusu mifumo ya undugu, alikusanya majina ya ukoo ya mataifa mengi na kuonyesha kwamba watu wengi duniani humwita ndugu wa baba kwa jina lilelile la baba.

Mfano wa "cousin" ni wa ajabu zaidi. Kamusi hulipa neno hili pacha wa Kiswahili, binamu. Asili ya binamu ni Kiarabu, na maana yake ni mwana wa ndugu wa baba. Asili ya "cousin" ni Kilatini "consobrinus", na maana yake ilikuwa mtoto wa dada wa mama. Maneno mawili yaliyotoka pande mbili zinazokabiliana yamefungishwa ndoa na kamusi! Mnyarwanda naye anakuja na mpango wa tatu. Mtoto wa ndugu wa baba, na mtoto wa dada wa mama, kwake ni ndugu kamili, na humwita kwa majina ya ndugu. Ni mtoto wa mjomba au wa shangazi pekee anayeitwa mubyara. Mwanafunzi akiambiwa kuwa "cousin" ni mubyara, basi amepewa nusu ya maana na kunyimwa nusu; akiambiwa kuwa ni ndugu, amepewa ile nusu nyingine.

Hata majina ya ndugu wa tumbo moja, ambayo vitabu huyaona mepesi kuliko yote, yana mtego wake. Kiingereza huuliza jambo moja tu: je, ndugu huyo ni mwanamume au mwanamke? Kinyarwanda huuliza kwanza: anayesema ni nani? Ndugu wa kiume wa msichana ni musaza wake, na ndugu wa kike wa mvulana ni mushiki wake. Lakini mvulana hawezi kuwa na musaza. Yeye ana mukuru na murumuna, mkubwa wake na mdogo wake wa jinsi moja naye. Kiswahili cha kale kilikuwa na neno umbu kwa ndugu wa jinsi nyingine, neno ambalo leo wengi hulikuta katika kamusi tu. Basi mwalimu anapomwona mwanafunzi akisita mbele ya "brother" na "sister", asiharakishe kusema kwamba mtoto huyo ni mzito. Anatafuta mahali pa kuweka umri na mahali pa kuweka msemaji, naye hapaoni.

Zaidi ya hayo, jina la ukoo katika lugha zetu halipendi kukaa bila mwenyewe. Kinyarwanda husema data kwa baba yangu, so kwa baba yako, na se kwa baba yake. Kadhalika husema mama, nyoko na nyina. Umilikaji umo ndani ya jina lenyewe, wala hauwezi kung'olewa. Kiswahili hakikufika huko, lakini dalili zake zipo: twasema mkewe, mumewe, babake, nduguye, mwanangu, wala hatusemi hivyo kwa meza au kwa nyumba. Ndiyo maana ukurasa wenye picha ya mwanamume na neno "father" chini yake ni kitu kigeni kwa mtoto wetu. Swali lake la kwanza ni: baba wa nani? Kitabu hakimjibu, kwa kuwa kimeifanya jamaa kuwa orodha ya vitu, kama orodha ya matunda au ya vyombo vya jikoni.

Hapo ndipo tunapofika kwenye kiini cha hoja yetu. Katika nchi hii tuna ushahidi, uliopatikana kwa machungu, kwamba jina la ukoo ni kazi kabla ya kuwa picha. Mwaka 1996, katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda mjini Butare, wanafunzi walionusurika katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 waliunda chama chao, kinachojulikana kwa herufi AERG. Wanachama wake walijipanga katika familia. Katika kila familia wanafunzi huchagua miongoni mwao baba na mama, na wengine huwa watoto wao. Baba huyo aweza kuwa na umri uleule wa watoto wake. Hata hivyo wanamwita baba, naye huyabeba mambo yao kama baba. Mpango huo ulienea katika vyuo na shule nyingine. Tuwaulize waandishi wa vitabu: baba huyu aandikwe katika tawi lipi la mti wenu?

Na zoezi la kuhesabu, je? "Una kaka wangapi? Una dada wangapi?" Kwa mtunga kitabu aliye mbali, hilo ni zoezi la namba na la wingi wa nomino. Katika madarasa ya Rwanda ya miaka iliyofuata 1994, halikuwa zoezi la sarufi. Hata leo darasani mwaweza kuwamo mtoto ambaye mzazi wake alibaki peke yake katika ukoo mzima, au mtoto anayelelewa na bibi, au na mtu asiye wa damu yake. Mti wa kitabuni humwamrisha ajaze matawi yasiyo na mtu, tena kwa sauti, mbele ya wenzake. Hatusemi somo lifutwe. Twasema kwamba mwalimu asiyaulize maswali hayo kwa kuwa tu yameandikwa.

Basi lifanyike nini? Uhakiki usiotoa njia ni lawama tu, nasi hatutaki kulaumu bure. Pendekezo letu la kwanza ni kuyaweka kando maneno "uncle", "aunt" na "cousin" katika vipindi vya mwanzo. Mwanafunzi afundishwe maneno manane tu: baba, mama, mwana wa kiume, mwana wa kike, ndugu wa kiume, ndugu wa kike, mume na mke, kila moja kwa Kiingereza chake. Pamoja na hayo afundishwe ile alama ya umilikaji, herufi "s" na ritifaa yake. Kwa zana hizo chache ataweza kumtaja jamaa yeyote bila kumchanganya na mwingine. Mjomba atakuwa "my mother's brother". Shangazi atakuwa "my father's sister". Wifi, ambaye Kiingereza hakina jina lake peke yake, atakuwa "my husband's sister" kwa yule anayemaanisha dada wa mume. Tukiongeza maneno mawili ya umri, "elder" na "younger", baba mkubwa na baba mdogo watapata kila mmoja nafasi yake.

Njia hii ina faida ya sarufi pia. Umilikaji wa Kiingereza huwasumbua sana wanafunzi wetu, kwa sababu sisi humtaja mwenyewe nyuma, ndugu wa mama, ilhali Mwingereza humtaja mbele. Somo la jamaa ndilo uwanja ulio bora wa mazoezi hayo, kwani mtoto anajua anachotaka kusema na anajali kukisema sawasawa. Katika vitabu vingi fursa hiyo hupotea, na umilikaji huja kufundishwa baadaye kwa kalamu na vitabu vya watu ambao mwanafunzi hawajui.

Pendekezo la pili: yale maneno matatu yafundishwe baadaye, na yaelezwe kwa ukweli kwamba ni mifuko mipana. Mwalimu aseme hivi: Mwingereza akisema "uncle", bado hujajua ni nani, ukitaka kujua, muulize kama ni wa mama au wa baba. Hapo mwanafunzi hujifunza neno, mipaka yake, na swali la kuuliza. Pendekezo la tatu: badala ya mti, kila mwanafunzi achague mtu mmoja wa nyumbani kwake, wa damu au asiye wa damu, aeleze kwa sentensi tatu ni nani kwake na humfanyia nini. Asiyetaka kumtaja marehemu hatalazimishwa, na anayetaka kumtaja hatazuiwa.

Twajua pingamizi zitakazotolewa. Wako watakaosema kwamba mtihani huuliza "uncle", wala haumwulizi mtoto habari za baba mdogo. Ni kweli; nasi hatukusema neno hilo lisifundishwe. Mwanafunzi anayejua kwamba "my father's brother" na "my mother's brother" wote huitwa hivyo atajibu mtihani bila shida, na atajua anachokijibu. Wengine watasema kuwa anayejifunza Kiingereza hana budi kukipokea kama kilivyo. Hili nalo ni kweli, na ndilo tunalolitaka: kipokewe kama kilivyo, pamoja na upungufu wake, wala kisipokewe kama kipimo cha ukoo wa watu wengine. Wapo pia watakaotaja ufinyu wa vipindi na wingi wa wanafunzi. Tunawajibu kwamba maneno manane ni machache kuliko yale yaliyomo katika mti wa kitabu.

Kabla ya kufunga, tuna neno na walimu wenzetu wa Kiswahili, maana ugonjwa huu umeingia hata kwetu. Mwanafunzi wa Kinyarwanda anapoletewa neno mjomba, mara nyingi huelezwa kwa Kiingereza kuwa ni "uncle", au kwa Kifaransa kuwa ni "oncle". Naye tayari ana marume, ambaye ndiye mjomba hasa! Ana masenge, ambaye ndiye shangazi hasa. Kumpitisha katika Kiingereza ili afike kwenye Kiswahili ni sawa na kumtoa msafiri Huye kwenda Nyanza kwa njia ya Kigali: ataipita Nyanza yenyewe njiani, na atarudi amechoka. Lugha zetu ni ndugu, na katika majina ya ukoo undugu huo huonekana wazi. Palipo na tofauti, kama data wacu asiyetenganishwa na umri ilhali Kiswahili hutaka mkubwa au mdogo, mwalimu aionyeshe tofauti hiyo moja kwa moja. Hata neno la jamaa lenyewe latufundisha. Mnyarwanda huiita umuryango, na umuryango ni pia mlango wa nyumba. Na huko pwani, mlango ni tawi la ukoo. Mtoto akionyeshwa hilo hahitaji tafsiri ya tatu.

Twawaomba walimu wanaofundisha Kiingereza na Kiswahili kwa wanafunzi walewale wayajaribu mapendekezo haya katika muhula ujao, kisha waliandikie jarida hili matokeo yake, yawe mazuri au mabaya. Vitabu havitabadilika kesho. Lakini mwalimu aliye mbele ya darasa aweza leo hii kuukunja ule ukurasa wa mti, akamgeukia mtoto na kumuuliza kwa upole: huyu unayemtaja, kwako ni nani?